Chumba cha kulia cha jadi cha Kiingereza: msamiati, matumizi na tafsiri

chumba cha kulia *nm* vyumba vya kulia [ki-/vi-] chumba cha nyumba kilichotengwa kwa ajili ya kulia chakula, hasa kwa kukaa mezani.

Fasili hiyo inatosha kwa mazungumzo ya kila siku. Haimtoshi mfasiri aliyepewa mwongozo wa jumba la makumbusho la Uingereza, riwaya ya karne ya 18, au katalogi ya hoteli inayojinadi kwa samani za kizamani. Maandishi ya aina hiyo hutaja vitu ambavyo Kiswahili kina majina yake, vitu ambavyo majina yake yanafanana tu na ya vitu vingine, na vitu visivyo na jina kabisa. Makala haya yanachukua mfano mmoja mahususi, yaani chumba cha kulia cha matajiri wa Uingereza katika nusu ya pili ya karne ya 18, na kuonyesha maneno yanayokifaa na yale yanayokipotosha.

Kulia kwa namna tatu

Jina lenyewe lina utata. *Kulia* ya *chumba cha kulia* ni kauli ya kutendea ya *kula*: chumba ambamo watu hulia chakula. *Kulia* ya machozi ni kitenzi kingine chenye mzizi wake, na tofauti huonekana mara moja katika kauli ya kusababisha: anayempa mtoto chakula *humlisha*, anayemtoa machozi *humliza*. *Kulia* ya tatu ni ile ya mkono. Hiyo haiko mbali na ya kwanza, kwa kuwa mkono wa kulia ni mkono unaotumiwa kulia chakula. Jina lake la zamani, ambalo bado limo katika maandiko ya dini, ni *mkono wa kuume*.

Utata huu hauwasumbui wazungumzaji, kwa sababu muktadha huutatua. Huwasumbua wanaoeleza ramani ya nyumba. Sentensi kama *Mgeni aliongozwa hadi chumba cha kulia* inaweza kumpeleka msomaji upande wa kulia wa ukumbi badala ya mezani. Palipo na maelezo ya pande, ni salama kuandika *chumba cha kulia chakula* au *chumba cha chakula*, na upande uitwe *mkono wa kulia* kwa ukamilifu wake.

Wanafunzi wengine hukwepa tatizo kwa kuandika *chumba cha kula*. Umbo hilo halifai. Kiunganishi *-a* pamoja na kitenzi kisicho katika kauli ya kutendea mara nyingi huonyesha kitu kinachotendwa: *ndizi za kupika* hupikwa, *kitu cha kula* huliwa. Chombo au mahali pa kutendea huomba kauli ya kutendea: *meza ya kuandikia*, *chumba cha kusomea*, *chumba cha kubadilishia nguo*. *Chumba cha kulala* ni kighairi maarufu, nacho kinavumilika kwa sababu hakuna anayeweza kukilala chumba.

Ama *ukumbi wa kulia*, *bwalo* na *mesi*, hayo ni majina ya mahali pa watu wengi: taasisi, shule, kambi ya askari. Kumweka mwenye nyumba wa Kiingereza na wageni wake kumi katika *bwalo* ni kumrudisha shule ya bweni.

Jadi, kienyeji, Kizungu

Vivumishi ndivyo hasa huharibu tafsiri. Kamusi nyingi huorodhesha *-a jadi*, *-a asili*, *-a kimila*, *-a kienyeji* na *-a kale* kana kwamba ni vyombo vya seti moja. *Kienyeji* hutokana na *mwenyeji*, na masikioni mwa msomaji wa Afrika Mashariki hubeba maana ya kitu cha hapa kwetu kilichotofautishwa na cha kuja: kuku wa kienyeji, dawa za kienyeji. *Samani za kienyeji za Kiingereza* ni maneno yanayovutana. *Kimila* huhusu desturi na taratibu za jamii, na meza haina mila. *-a kale* husema umri tu. Meza iliyotengenezwa mwaka jana kwa kufuata mchoro wa mwaka 1760 si ya kale, ingawa mtindo wake ni wa kale. *-a jadi* ndilo linalobeba maana ya kurithiwa na kuendelezwa, nalo hukubali kitu kipya kilichofuata mkondo wa zamani. Kwa mapambo ya chumba, *mtindo wa jadi* ni chaguo la kwanza.

*Kizungu* lina udhaifu mwingine. Linafuta mipaka ambayo matini ya asili imeichora kwa makusudi. Chumba cha Kifaransa cha enzi ya Louis XV, chenye nakshi za kujipinda kama makombe ya baharini, na chumba cha Robert Adam, chenye mistari iliyonyooka na mashada ya maua yaliyopangwa kwa ulinganifu, vyote ni vya Kizungu, lakini cha pili kilikuwa jibu na upinzani kwa ladha ya cha kwanza. Mfasiri ataje nchi, na inapowezekana ataje enzi.

Katika kutaja enzi kuna mtego. Mitindo ya Uingereza ya mwaka 1714 hadi 1830 hupewa jina la wafalme wanne waliofuatana, wote wakiitwa George. Wapo waliotafsiri jina hilo la mtindo kuwa *Kijojia*, wakaipeleka samani hadi Tbilisi. Ni bora kuandika *mtindo wa enzi za akina Mfalme George*, na kuongeza miaka mara ya kwanza inapotajwa. Neno *akina* linafaa sana hapa, kwani huonyesha wingi wa watu wenye jina moja bila kulazimisha maelezo marefu.

Mfuatano wa viunganishi nao unahitaji mkono mwepesi. *Chumba cha kulia cha jadi cha Kiingereza* kinasomeka kama kichwa cha makala. Ndani ya aya, *cha… cha… cha* huchosha. *Chumba cha kulia chenye mapambo ya jadi ya Kiingereza* husema jambo lile lile na huweka *jadi* inapostahili, yaani kwenye mapambo.

Ukuta

Robert Adam, msanifu majengo mzaliwa wa Scotland, alikaa Italia kati ya mwaka 1754 na 1758 akichora magofu ya Warumi, akarudi London na kuanzisha ladha iliyotawala majumba ya matajiri kwa miongo miwili. Katika michoro ambayo yeye na nduguye James walianza kuichapisha mwaka 1773, walieleza kwa nini chumba cha kulia kipambwe tofauti na vyumba vingine. Waingereza, walisema, hawaondoki mezani chakula kinapokwisha. Wanaume hubaki humo kwa saa nyingi wakinywa na kujadili siasa. Kwa hiyo chumba kiwe cha fahari, lakini kuta zake zisifunikwe vitambaa vizito, kwa kuwa vitambaa hunasa harufu ya chakula. Badala yake ziwe na nakshi za lipu, sanamu na picha.

Hapa mfasiri anahitaji maneno matatu yasiyochanganywa. *Lipu* ni tabaka linalopigwa ukutani ili uwe laini. Ni neno la mafundi, na linaeleweka popote Tanzania panapojengwa nyumba. *Jasi* ni madini yanayochomwa, kusagwa na kukorogwa kutengeneza lipu laini ya kufinyangia mapambo. *Saruji* ni kitu kingine, na aina yake tunayoijua leo ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824. Kwa hiyo *nakshi za saruji* katika jumba la miaka ya 1760 ni kosa la historia, si la lugha peke yake. *Nakshi za jasi* au *nakshi za lipu* zinafaa.

*Nakshi* lenyewe ni neno ambalo Waswahili wa pwani hawakulingoja kutoka Ulaya. Katika karne hiyo hiyo ya 18, mafundi wa Lamu walikuwa wakichonga lipu ya chokaa katika vyumba vya ndani vya nyumba za mawe na kutengeneza safu za *zidaka*, yaani vijishimo vya ukutani vya kuwekea vyombo vya kauri na mapambo mengine. Mfasiri anayejua hilo hushawishika kuliita *kidaka* kila shimo la mapambo analokutana nalo katika ukuta wa Kiingereza. Ajizuie kidogo. Katika chumba cha kulia cha Syon House, magharibi mwa London, mashimo ya ukutani yalikusudiwa sanamu zilizoiga za Kirumi. Kidaka hakimezi sanamu ya mtu. *Shubaka* ni pana zaidi kimaana na halimleti msomaji Lamu bila sababu. *Daka* lisitumiwe kama ukubwa wa kidaka: mjini Lamu *daka* ni kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe.

Ukuta wa mtindo huu hugawanywa kama mwili. Chini kabisa pana ubao wa kuziba ukingo wa sakafu, ambao mafundi wa leo huuita *skatingi*. Juu yake pana sehemu inayofika usawa wa nyonga, ikikomea kwenye ubao mwembamba wa mlalo. Kisha ukuta wenyewe, na juu kabisa mapambo yanayouunganisha na dari. Ubao wa mlalo hauna jina lililozoeleka katika Kiswahili. Kuutafsiri neno kwa neno kuwa *reli ya kiti* huleta picha ya gari moshi. *Mkanda wa kiunoni wa ukuta* hueleweka bila maelezo, hasa kwa kuwa Kiswahili tayari huazima viungo vya mwili kutaja sehemu za vitu: mgongo wa kiti, miguu ya meza, mdomo wa chupa. Kazi yake ilikuwa kuzuia migongo ya viti isikwaruze ukuta, na jambo hilo linatupeleka kwenye kosa kubwa kuliko yote.

Meza isiyokuwepo

Msomaji wa leo anaposikia *chumba cha kulia* huona meza kubwa katikati, viti vimeizunguka. Mfasiri naye huiona, na mara nyingine huiandika hata pale ambapo matini haikuitaja. Katika Osterley Park, jumba la familia ya Child, wenye benki, ambalo Adam alianza kulifanyia kazi mwaka 1761, chumba cha kulia kilipambwa kikiwa kitupu katikati. Viti vilipangwa kuzunguka kuta. Wakati wa chakula, watumishi walileta meza za kukunja kutoka ujiani, wakazifungua, wakasogeza viti. Chakula kilipokwisha, kila kitu kilirudi mahali pake na sakafu ikabaki wazi. Ndiyo maana mapambo ya dari yalionekana vizuri, na ndiyo maana mkanda wa kiunoni ulihitajika.

Kwa hiyo sentensi *Katikati ya chumba palikuwa na meza*, ikiongezwa na mfasiri ili kuufanya ukurasa uonekane kamili, inabomoa mpangilio wote. Kitenzi chenye usahihi kwa enzi hiyo ni *kuleta meza* au *kukunjua meza*.

Samani iliyobaki mahali pake daima ni ile ya ukutani ya kupangia vyombo vya fedha na vinywaji. Kamusi huitafsiri *kabati la vyombo*. Kwa samani ya karne ya 20 ni sawa. Kwa Adam si sawa. Yeye aliweka meza ndefu isiyo na droo, na kila upande nguzo fupi ya mbao iliyobeba jagi kubwa la umbo la Kirumi. *Kabati* ni kitu chenye mlango. Tafsiri ya haki ni *meza ya ukutani*, pamoja na *nguzo zake mbili*. Mambo yalibadilika kabla ya mwisho wa karne: kitabu cha michoro cha George Hepplewhite, kilichotoka mwaka 1788 yeye akiwa ameshafariki, kinaonyesha meza hiyo imeshapata droo na sehemu ya kuwekea chupa. Hapo *meza ya droo* linaweza kuanza kutumika. Mwaka wa matini ndio unaoamua.

Kuhusu viti, *kiti cha mikono* ni jina zuri la kiti chenye egemeo la mikono, ambacho kwa kawaida kilikuwa cha mwenye nyumba. *Kiti cha enzi* kiachwe. Si kwa sababu ya wafalme peke yao: pwani, kiti cha enzi ni samani halisi, kiti kirefu cha mgongo ulionyooka, cha mbao nyeusi zilizopachikwa pembe au mfupa, na msomaji wa Mombasa au Zanzibar atakiona hicho. Miguu nayo itofautishwe: *iliyochongwa* ni ya patasi, *iliyokerezwa* ni ya keezo. Mguu uliopinda wenye kucha zilizokamata tufe, ambao watu hulihusisha jina la Thomas Chippendale nao, ulichongwa. Haukukerezwa, kwa kuwa keezo hutoa mviringo tu.

Mbao

Matini nyingi zitataja mahogani, na wafasiri wengi huandika *mkangazi*. Kamusi zinawaunga mkono kwa nusu tu. Mkangazi ni mti wa Afrika, wa jenasi *Khaya*. Mahogani ya samani za Chippendale na wenzake ni ya jenasi *Swietenia*, ya visiwa vya Karibi na Amerika ya Kati. Miti hiyo ni ya familia moja ya kibotania na mbao zake zinafanana, lakini historia zake hazifanani. Sheria ya mwaka 1721 iliondoa ushuru wa mbao zilizotoka katika makoloni ya Uingereza ya Amerika, na biashara ya mahogani ikapanuka. Waliokata magogo hayo huko Jamaika na katika Ghuba ya Honduras wengi wao walikuwa Waafrika waliotumikishwa utumwani. Anayeandika *meza ya mkangazi* huihamishia meza hiyo misitu ya Afrika Mashariki na kuifuta safari hiyo. Neno *mahogani* limeshazoeleka katika maandishi ya Kiswahili, nalo litumike. *Mkangazi* libaki kwa mkangazi.

*Mwaloni* ni kisa tofauti. Wengi hulijua neno hilo kutoka katika Biblia, kwa mialoni ya Mamre, bila kuwahi kuuona mti wenyewe. Linafaa kabisa kwa mbao za kufunika kuta katika majumba ya Kiingereza ya karne ya 16 na 17, na harufu kidogo ya Agano la Kale inayokuja nalo haidhuru kitu.

Mwanga

*Kandili* si mshumaa. Neno hilo na lile la Kiingereza la mshumaa yana ujamaa wa mbali kupitia Kilatini na Kiarabu, na ujamaa huo umewaponza wengi. Kwa Kiswahili kandili ni taa ya kubeba au kutundika. Katika chumba cha enzi hiyo pana *mishumaa*, juu ya *vinara*, na ikiwa vinara vingi vimeunganishwa na kutundikwa darini, hiyo ni *thurea*. Wapo wanaoliona *thurea* kuwa neno gumu na kuandika *taa ya darini*. Neno gumu hujifunzwa. Taa ya darini inaweza kuwa balbu moja kwenye waya.

Dhahabu ya kwenye fremu za vioo nayo isiitwe *rangi ya dhahabu*, isipokuwa kama matini inasema ni rangi. Fundi alibandika dhahabu yenyewe, iliyofuliwa ikawa nyembamba kuliko karatasi. *Fremu iliyobandikwa dhahabu* husema kweli.

Kuandika meza

Kiswahili cha zamani kina usemi *kuandika meza*, kwa maana ya kupanga vyombo juu yake tayari kwa chakula. Unapatikana katika kamusi za kwanza za lugha hii na bado unasikika kwa wazee wa pwani. Mwanafunzi wa leo akiusoma hudhani mtu alichora kwenye mbao. Katika tafsiri ya riwaya ya kihistoria usemi huo ni johari, mradi sentensi imsaidie msomaji: *Watumishi waliandika meza, sahani kwa sahani, kabla ya saa ya chakula.* Kwa matini ya katalogi, *kupanga meza* au *kuandaa meza* kunatosha. *Kutandika* ni kwa kitambaa tu: kitambaa hutandikwa, vyombo huandikwa.

Kitambaa hicho kina mkasa wake. Kwa desturi ya karne ya 18, sahani nyingi za chakula ziliwekwa mezani kwa pamoja, kwa ulinganifu, hata zenyewe zikawa ndizo mapambo; na kabla ya matunda na vitamutamu kitambaa kiliondolewa ili mahogani iliyong'arishwa ionekane. Katika karne ya 19 desturi iliyoitwa ya Kirusi ilichukua nafasi, chakula kikawa kinaletwa kwa awamu na kupakuliwa pembeni, katikati ya meza pakaachwa kwa maua na vinara. Neno *awamu* linafaa kuliko *kozi*, ambalo msomaji hulihusisha na chuo. Mfasiri anayekuta kitambaa *kinavutwa* kabla ya vitamutamu asidhani kuna makosa ya uchapaji wala mtumishi mlevi.

Limebaki suala la uma. Kisarufi wingi wake ni *nyuma*, katika ngeli ya U-ZI, na walimu hulifundisha hivyo. Lakini sentensi sahihi *Weka nyuma kushoto na visu kulia* humfanya msomaji atazame mgongoni mwake. Matumizi ya *uma* kwa umoja na wingi, *uma hizi*, yameenea kwa sababu hiyo hiyo. Katika mtihani mwanafunzi aandike *nyuma*. Katika mwongozo wa kupanga meza inashauriwa kukwepa wingi kabisa: *Kila uma uwekwe kushoto kwa sahani, na kila kisu mkono wa kulia, makali yakielekea sahani.*